Ukipewa kazi iliyo mbali na nyumbani huko ughaibuni, piga kwanza hesabu ya mafuta

Ndugu zangu mlioko nje, hili la mafuta ya gari ya kwenda kazini linawala watu wengi kimya kimya. Mtu anapata kazi mpya, inalipa zaidi kidogo kwa saa, anafurahi anasaini mkataba, miezi miwili baadae anashangaa mbona hela haionekani. Haionekani kwa sababu inaishia kwenye pampu. Na hesabu yenyewe wala sio ngumu, inataka namba tatu tu: unaendesha umbali gani kwa siku, gari yako inakula kiasi gani, na mafuta yanauzwaje hapo ulipo. Shida ni kwamba katika hizo tatu wengi wetu tuna uhakika na moja tu, ile ya bei, hizo mbili tunakisia, na mtu akikisia huwa anajipendelea.

Tuanze na umbali maana ndo rahisi. Usichukue ile ya kwenye ramani ya simu ukazidisha mara mbili ukaondoka. Asubuhi unapita kwanza kumshusha mtoto shule, jioni kuna barabara ya upande mmoja inakuzungusha, siku nyingine unakwepa foleni unapita njia ndefu, zote hizo ni kilomita. Rudisha ile tripu ya kwenye dashibodi, ile inayohesabu kilomita za safari, iwe sifuri asubuhi ukiwasha gari, jioni ukizima nyumbani isome uandike. Fanya wiki nzima, jumlisha, gawa kwa siku ulizokwenda kazini.

Sasa ulaji wa gari, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Namba ya kwenye tangazo la muuzaji isahau. Tume ya Ulaya ilitoa taarifa mwaka 2024 kuhusu magari yaliyosajiliwa 2021, ikaonekana magari ya petroli na dizeli barabarani yanazidi vipimo vya maabara kwa kama asilimia 20, na zile haibridi za kuchomeka, zenye injini ya mafuta na betri ya kuchaji kwa umeme, zilifika mara tatu na nusu ya vipimo hivyo, kwa sababu watu hawazichaji kama ilivyodhaniwa. Kwa hiyo kama ulinunua haibridi ya kuchomeka kwa ajili ya karatasi inayosema inakunywa lita moja na kitu kwa kilomita 100, pima mwenyewe kabla hujaitegemea. Hata ile wastani inayoandikwa na kompyuta ya gari mara nyingi inajipunja, tofauti sio kubwa sana ila kwa mwaka mzima inaonekana.

Njia ya kuaminika ni ya zamani, ya kujaza tenki mpaka tenki. Unaenda sheli unajaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, ikishakata usiongeze hata tone, unarudisha tripu sifuri. Unaendesha maisha yako ya kawaida mpaka tenki ikaribie chini. Unarudi, ikiwezekana sheli ile ile na pampu ile ile, unajaza tena mpaka ikate. Zile lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo gari ilizokula kwa zile kilomita zilizo kwenye tripu. Tuseme umetembea kilomita 620 na zimeingia lita 46.5, gawa 46.5 kwa 620 zidisha mara 100, unapata lita 7.5 kwa kila kilomita 100. Rudia tenki mbili tatu uchukue wastani, maana pampu hazikati sawasawa na kosa la lita moja kwenye tenki moja linaharibu jibu. Risiti usitupe, ipige picha pamoja na ile tripu basi, yote iko kwenye simu.

Kuna kitu kimoja hapo watu hawakiangalii. Kama wikiendi unakwenda haiwei mwendo mrefu wa taratibu, na wiki nzima unasukumana kwenye foleni, wastani wa tenki unachanganya safari mbili tofauti kabisa, na ya kazini ndo inayokula zaidi. Ukiweza, tafuta tenki moja ambayo haikwenda popote zaidi ya kazini. Hiyo ndo namba yako ya kweli.

Halafu kuna vurugu ya vipimo, kila nchi na mambo yake. Ukiwa Marekani bei ni ya galoni, barabara ni maili, na gari inapimwa kwa MPG, yaani maili ngapi kwa galoni moja, kwa hiyo unagawa maili zako za siku kwa MPG unapata galoni, unazidisha na bei. Angalia vizuri ubao wa bei huko, mwishoni kuna kale ka 9/10, ni tisa ya kumi ya senti, kwa hiyo ukiona 3.29 hesabu ni 3.30, na sheli nyingi bei ya keshi na bei ya kadi ni tofauti. Uingereza ndo wamechanganya kila kitu: barabara ni maili, gari inasemwa kwa MPG, ila pampu inauza kwa lita tena ubao umeandikwa kwa peni. Na galoni yao sio ya Marekani, ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785. Kwa hiyo gari ya MPG 30 kwa Mmarekani ni MPG 36 kwa Mwingereza, gari ile ile, ukisoma sifa za gari angalia nani anaandika. Kwa aliyeko Uingereza hesabu inakwenda hivi, maili 40 kwa siku kwenda na kurudi, gari ya MPG 40, hiyo ni galoni moja, zidisha 4.546 upate lita, ndo uzidishe na bei. Anayetaka kuhamia kwenye lita kwa kilomita 100 agawe 235 kwa MPG ya Marekani au 282 kwa ya Uingereza. Ujerumani, Sweden, Kanada na kwingine kwenye lita na kilomita hamna shida hiyo. Walioko Emirati nao wana nafuu yao, bei inatangazwa mara moja kwa mwezi, ukishaijua umeshajua bajeti ya mwezi mzima.

Tukusanye sasa. Unakaa kilomita 12 kutoka kazi yako ya sasa, umepata nyingine iko kilomita 45, inalipa 1.50 zaidi kwa saa. Tuseme lita ni 1.80 kwa hela ya huko uliko, gari ni ile ya 7.5. Kazi ya sasa ni kilomita 24 kwa siku, lita 1.8, hela 3.24. Kazi mpya ni kilomita 90, lita 6.75, hela 12.15. Tofauti ni 8.91 kila siku. Nyongeza ya mshahara kwa masaa nane ni 12, lakini 12 hiyo haijakatwa, na mafuta unanunua kwa hela iliyokwisha kukatwa kodi na mambo mengine. Makato yakiwa robo unabaki na 9. Toa 8.91. Umebaki na senti 9 kwa siku, na umeongeza kilomita 66 kwenye gari na kama saa nzima ya maisha yako barabarani, hapo hatujagusa tairi, oili, paking wala barabara za kulipia. Hii ndo hesabu nataka kila mtu aifanye kabla ya kusema ndiyo kwa bosi mpya, au kabla ya kuhamia nyumba ya kodi rahisi iliyoko mbali, maana ni jambo lile lile limegeuzwa tu.

Ila usikimbilie kuikataa hiyo kazi, uliza kwanza shifti zikoje. Ukipangiwa shifti za masaa 12, safari ni ile ile moja lakini nyongeza inakuwa 18, ukikatwa robo inabaki 13.50, ukitoa 8.91 unabakiwa na 4.59. Kazi ile ile, mshahara ule ule kwa saa, jibu tofauti. Na upande wa pili wanaofanya kazi za kulea wazee majumbani wanaijua ile shifti iliyokatwa katikati, masaa manne asubuhi, unarudi nyumbani, masaa manne jioni. Hapo mafuta yanakuwa mara mbili, kilomita 180 kwa siku kwenye mfano wetu, na nyongeza yote imekwisha na umeingia mfukoni mwako mwenyewe. Kwa kweli kama kazi iko mbali na shifti imekatwa mimi nakushauri uikatae au umwambie bosi akuunganishie masaa, mwambie ukiwa na hesabu mkononi, wengi wanaelewa wakiona namba.

Siku za mwezi nazo usizidishe 30, wala usiseme 20 kwa kukadiria. Wiki 52 mara siku 5 ni 260, toa likizo tuseme 25, toa sikukuu tuseme 9, zinabaki 226. Ukizidisha na lita 6.75 za siku na kugawa kwa miezi 12 unapata lita 127 kwa mwezi. Hiyo 127 ikariri, ni muhimu kuliko hela, maana bei inapanda na kushuka lakini lita zako hazibadiliki sana. Bei ikipanda senti 10 unajua hapo hapo mwezi huu ni 12.70 zaidi, huna haja ya kuanza upya.

Nimesema hazibadiliki sana, isipokuwa baridi. Kwa walioko nchi za theluji, Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri gari ya petroli inapoteza kama asilimia 15 ya MPG ukilinganisha na nyuzi 25, hiyo ni mizunguko ya mjini, na kwa safari fupi za maili 3 au 4 inaweza kufika asilimia 24, na haibridi zinaumia zaidi ya hapo. Injini haijapata moto umeshafika. Kwa hiyo ukipima Julai usiitumie Januari, pima tena. Na baridi inashusha upepo wa tairi pia, cheki mara moja kwa mwezi asubuhi kabla gari haijatembea, soma ile stika kwenye fremu ya mlango wa dereva imeandika upepo unaotakiwa. Lile boksi la kubebea mizigo juu ya gari kama halina kazi lishushe, kwenye haiwei linakula wese bure.

Kushirikiana gari ndo dawa kubwa kuliko hizo zote. Mkiwa watatu kwenye hiyo 12.15, kila mtu 4.05 dereva akiwemo kwenye mgao, na kama dereva anazunguka kumfuata mtu kilomita hizo ziingie kwenye hesabu toka siku ya kwanza ili watu wasije kununiana. Chukueni mchango wa gharama tu, ukianza kutoza faida bima inaweza kukuhesabu unafanya biashara ya kubeba abiria, na siku ya ajali ukajikuta huna bima. Wapigie simu watu wa bima yako uwaulize kabla, na jibu uliombe kwa barua pepe.

Mwisho ulizia kodi. Ujerumani umbali wa nyumbani mpaka kazini unaingia kwenye ritani ya kodi, unahesabiwa njia moja tu kwa kila siku uliyokwenda kweli, kwa hiyo daftari lako la siku na kilomita lina kazi mara ya pili. Uingereza na Marekani safari ya nyumbani kwenda kituo chako cha kawaida cha kazi ni juu yako, lakini kwa walioko Uingereza safari za kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya kazi ni habari nyingine, hizo ziandike maili zake pembeni kila siku na uulize ofisini wanalipaje, na wakilipa pungufu ya kiwango kilichowekwa na serikali unaweza kudai nafuu ya kodi kwa ile tofauti.