Namna ya kukadiria idadi ya watu wa halmashauri kati ya sensa mbili: mfano wa Jiji la Dodoma

Afisa mipango anayeandaa bajeti ya mwaka 2026 hana idadi ya watu ya mwaka 2026. Alichonacho ni hesabu ya usiku mmoja, yaani usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na lolote atakalosema kuhusu watu wa leo atalazimika kulikokotoa kutoka hapo. Kabla ya kushika kikokotoo, aulize kwanza kama Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekwisha kutoa makadirio ya eneo lake, kwa sababu makadirio hayo hujengwa kwa kufuata umri na jinsi, vizazi, vifo na uhamaji, na hayalingani na hesabu ya mkono ninayoieleza hapa. Hesabu ya mkono ni ya pale ambapo makadirio hayo hayafiki, au pale mtu anapotaka kuyapima.

Ni lazima ujue nani yumo ndani ya namba ya sensa. Nchi hugawanywa kwanza katika maeneo madogo ya kuhesabia watu yenye mipaka iliyochorwa kwenye ramani, ili kila karani apewe kipande chake na pasiwe na nyumba inayoingia mara mbili au isiyoingia popote. Katika sensa ya 2022 makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, lakini swali la msingi lilibaki lile lile: nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa? Kaya si nyumba. Nyumba ya wapangaji yenye vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na chungu chake, na karani akiishia kwa mwenye nyumba amepoteza tano. Vilevile mwanafunzi wa chuo cha Dodoma aliyekuwa likizo kwao Singida usiku ule ni mtu wa Singida katika namba hizi, hata kama miezi mingine yote anatumia maji na barabara za Dodoma.

Sasa tukokotoe. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012 na watu 765,179 katika sensa ya 2022, na kwa kuwa sensa zote mbili zilifanyika mwishoni mwa Agosti, muda kati yake ni miaka 10 bila haja ya kusahihisha miezi. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza, upate 1.862. Tafuta logariti asilia ya jibu hilo (kikokotoo cha simu nyingi huonyesha kitufe cha ln ukiilaza simu), upate 0.622, kisha gawa kwa 10. Kasi ya ongezeko ni asilimia 6.2 kwa mwaka. Kwenda Agosti 2026, zidisha 0.062 kwa miaka 4, upate 0.248, bonyeza kitufe cha e chenye kipeo cha x, upate 1.281, zidisha kwa 765,179. Jibu ni takriban watu 980,000.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika maandiko ya miradi ni kuchukua kasi ya taifa, ambayo ni asilimia 3.2, na kuipachika popote. Kwa Jiji la Dodoma kasi hiyo ingetoa watu wapatao 870,000, pungufu ya watu 110,000 hivi. Hata kasi ya mkoa haifai, kwani Mkoa wa Dodoma ulitoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625, sawa na asilimia 3.9 kwa mwaka.

Hata hivyo, 6.2 nayo isiaminiwe kupita kiasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, kwa hiyo wastani wa miaka 10 unachanganya miaka ya utulivu na miaka ya msukumano. Mimi ningetoa makadirio mawili, la chini kwa kasi ya mkoa (watu wapatao 894,000) na la juu kwa kasi ya jiji, na kusema wazi ninaegemea lipi.

Mipaka nayo huponza. Mwaka 2012 Mji wa Kondoa ulihesabiwa ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kondoa, ilhali mwaka 2022 ulikuwa halmashauri yake yenyewe. Anayelinganisha wilaya hiyo kwa majina tu, bila kuurudisha mji ndani yake, anaweza kudhani watu wamehama.

Njia nzuri ya kupima makadirio yako iko shuleni. Mtoto wa miaka 6 mwezi Agosti 2026 alikuwa na miaka 2 wakati wa sensa. Linganisha uandikishaji wa darasa la kwanza, ukiwatenga waliozidi au kupungua umri, na watoto wa miaka 2 waliohesabiwa. Walioandikishwa wakizidi sana, ama familia zimehamia, ama watoto wadogo walisahaulika siku ile, jambo linalotokea kwa urahisi mkuu wa kaya anapowataja watu wazima kwanza na karani ana haraka.

Ukiandika jibu, likadirie kwa maelfu, kwani 980,546 inadai usahihi usiokuwepo. Pembeni yake andika neno "makadirio", mwezi na mwaka yanayohusu, sensa ulizotumia na kasi uliyoichagua, ili atakayekalia kiti chako aweze kuirudia hesabu hiyo bila kukupigia simu.