Chesi kwa anayeanza: acha kwanza kutoa kete bure

Anayeanza chesi Mtwara au Lindi mara nyingi ameshacheza drafti kwa vizibo vya soda, au ameshakaa kwenye bao la kete. Huo ni mtaji mzuri, kwa sababu amezoea kujiuliza, "Nikienda hapa, mwenzangu ataenda wapi?" Lakini anakuja na mazoea matatu yanayomwangusha, na ni vizuri ayajue mapema.

La kwanza ni kula. Katika drafti ukiwa na pa kula, unakula. Katika chesi kula ni hiari, na kete iliyoachwa wazi huenda ni chambo. La pili ni pembeni. Mcheza drafti hupenda kuegemea ukingo wa ubao kwa sababu kete ya ukingoni hairukwi. Katika chesi ukingo ni udhaifu: farasi akiwa katikati, tuseme d4 (safu ya herufi d, mstari wa 4), anafikia miraba 8, akiwa a4 anafikia 4, akiwa kona ya a1 anafikia 2 tu. La tatu ni bei. Kete za drafti zinalingana mpaka mojawapo iingie kingi, lakini za chesi zina thamani tofauti tangu mwanzo: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Mfalme hana bei, maana akikabwa mchezo umekwisha.

Tunayaweka haya mbele kwa sababu michezo ya wanaoanza huamuliwa na kete zilizoachwa bure. Anayekariri hatua kumi na tano za ufunguzi wa wachezaji wakubwa halafu akamwacha farasi wake aliwe hatua ya kumi na sita hajapata kitu. Mazoezi yote yafuatayo yamepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Ubao na kete

Ubao wa drafti wenye miraba 64 unatosha. Ugeuze ili kila mchezaji awe na mraba mweupe kona ya kulia, na malkia wa kila upande akae kwenye rangi yake: mweupe d1, mweusi d8. Ukichora mwenyewe kwenye plaiwudi, chukua sentimita 40 kwa 40, kila mraba sentimita 5. Kizibo cha soda kina upana wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo kinakaa bila kubanana. Unahitaji vizibo 32: 16 vifudikize, 16 vilaze chali, na kila kimoja kibandike kikaratasi cha manila chenye alama: Mf kwa mfalme, Ma malkia, Ng ngome, Ak askofu, Fa farasi. Askari wabaki bila alama. Andika pia herufi a hadi h upande wa chini na namba 1 hadi 8 pembeni. Bila hizo huwezi kuandika mchezo wako, na utaona chini kwa nini kuandika ni muhimu.

Ukitaka seti ya kuchonga, mafundi wa Kimakonde wapo, ila wape vipimo: mfalme sentimita 9.5 kwenda juu, kitako chake sentimita 4, mraba wa ubao sentimita 5.5. Sisitiza askofu na askari wasifanane kichwani, maana ndiyo kete watu wanazozichanganya. Kama kete nyeusi ni za mpingo na nyeupe ni za mti mwepesi, nyeupe zitaangushwa na upepo wa pwani. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Fundi atoboe vitako vya zile nyeupe na kutia madini ya risasi au chuma kidogo.

Maswali matatu kabla ya kugusa

Sheria ya mashindano ni kwamba kete uliyoigusa kwa nia ya kucheza lazima uichezeshe. Ifuate hata nyumbani. Mpinzani akishacheza, kalia mikono yako na ujiulize kwa mpangilio huu:

1. Hatua yake imetishia nini, na imeacha nini bila ulinzi? Swali hili lina pande mbili, na wengi huuliza upande mmoja.
2. Je, nina cheki (hatua inayomshambulia mfalme), nina pa kula, nina tishio? Zitazame zote, hata zinazoonekana za kijinga, halafu chagua.
3. Nikishaiweka kete pale ninapotaka, atakula nini?

Swali la tatu ndilo linaloongeza kiwango haraka kuliko yote. Jibu lake linataka hesabu. Tazama mraba unaogombewa, hesabu kete zako zinazoushambulia na kete zake zinazoulinda. Kama kete zinalingana kwa bei, washambuliaji lazima wawazidi walinzi ndipo upate faida: wawili kwa mmoja, watatu kwa wawili. Anza kula kwa kete ya bei ndogo. Ukimtanguliza malkia mahali panapolindwa na askari, umetoa 9 kwa kilichokuwepo pale.

Kuna mabadilishano yanayoonekana sawa kwenye karatasi lakini si sawa. La kawaida ni hili: mweusi ameshamwingiza mfalme ngomeni (mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome, na ngome huhamia upande wake wa pili) upande wa kulia wa ubao, g8, mweupe anapeleka farasi g5, anakula askari wa f7, ngome inamla farasi, askofu wa c4 anaila ngome, mfalme anamla askofu. Mweupe ametoa 6, amepata 6. Lakini ametoa kete mbili zilizokuwa zinafanya kazi, na ngome alizobaki nazo bado zimelala nyuma ya askari wake. Mapema katika mchezo, askofu na farasi kwa pamoja wana nguvu kuliko ngome na askari mmoja. Usilifanye.

Mtego ambao kila anayeanza atakutana nao

Mpinzani anafungua kwa askari e4, unajibu kwa askari e5, na papo hapo anamtoa malkia hadi h5. Anatishia kumla askari wa e5 na kutoa cheki. Kosa baya hapa ni kumsukuma askari g6 ili kumfukuza malkia: anakula e5, anampa mfalme wako cheki, na wakati huohuo anaitazama ngome ya h8 kupitia mshazari uliouacha wazi. Ngome inakwenda.

Jibu sahihi ni farasi c6, kulinda e5. Yeye ataleta askofu c4, sasa malkia na askofu wote wanaitazama f7. Hapa wengi hutoa farasi f6 kumtisha malkia, na mchezo unaisha: malkia anakula f7, chekimeti, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kuponea. Hatua ya kucheza ni askari g6. Sasa g6 ni nzuri, kwa sababu e5 inalindwa. Malkia anarudi f3, bado anaitaka f7, na ndipo unatoa farasi f6. Umefunga njia, una farasi wawili nje, naye ana malkia anayehangaika.

Ufunguzi: kidogo tu

Ndani ya hatua kumi hivi za mwanzo uwe umefanya mambo haya: askari mmoja au wawili katikati, farasi na maaskofu nje, mfalme ngomeni. Ukiwa mweupe: e4, farasi f3, askofu c4, mfalme ngomeni, askari d3, farasi c3. Ukiwa mweusi dhidi ya e4, jibu e5 na utoe farasi c6. Dhidi ya d4, cheza d5, farasi f6, e6, askofu e7, mfalme ngomeni. Yatosha kwa miezi mingi.

Kuhusu kumwingiza mfalme ngomeni, masharti yanasahaulika na kuleta ugomvi. Mfalme na ngome hiyo wasiwe wamewahi kusogea. Katikati yao pasiwe na kete. Mfalme asiwe kwenye cheki, asipite wala kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Ngome yenyewe ikiwa inatishiwa, hakuna shida.

Akishaingia, askari wake watatu wa mbele wanakuwa ukuta, na ukuta huo huo huweza kumkaba. Mfalme mweusi akiwa g8, askari f7, g7 na h7 hawajasogea, ngome nyeupe ikitua e8 bila wa kuizuia au kuila ni chekimeti. Kabla hujapeleka ngome zote mbele, fungua dirisha kwa kusogeza askari wa h hatua moja. Hatua moja tu, na askari wa h peke yake.

Mafumbo

Mafumbo ndiyo mazoezi yenye faida kubwa zaidi kwa muda mfupi. Lichess, tovuti na programu ya simu ya kucheza chesi, ni bure kabisa, haina matangazo, na haina kikomo cha mafumbo. Chagua kwa mada, kwa mpangilio huu: chekimeti ya hatua moja, kete zilizoachwa bure, farasi anayeshika kete mbili kwa mpigo, kisha kete iliyobanwa mbele ya mfalme wake. Kumi na tano kwa siku yanatosha. Usibahatishe: usiguse skrini mpaka uwe na hatua yako, jibu lake, na hatua yako ya pili. Ukikosa, usikimbilie fumbo linalofuata. Kaa mpaka uone ni kete gani hukuitazama. Mara nyingi ni kete iliyo mbali, askofu aliyejificha kona au malkia anayerudi nyuma. Macho ya anayeanza huganda pale kete zilipojazana.

Mwisho wa mchezo

Inasikitisha kuona mtu ana malkia ziada halafu mchezo unaisha sare. Tazama: mfalme mweusi peke yake yuko a8, malkia mweupe anatua b6. Mfalme hayuko kwenye cheki lakini hana pa kwenda. Hiyo ni sare.

Njia salama ya kumkaba kwa malkia: mweke malkia umbali wa ruko la farasi (miraba miwili mbele na mmoja kando) kutoka kwa mfalme wa mpinzani. Kila anaposogea, msogeze malkia vilevile, upande uleule. Atabanwa hadi kona. Akishaingia kona, acha kumfuata. Hakikisha ana miraba miwili ya kuchezea, mlete mfalme wako karibu, kisha mmalize malkia akiwa analindwa na mfalme. Jizoeze hadi uweze bila kufikiri. Kwa ngome mbili ni rahisi zaidi: moja inafunga mstari, nyingine inatoa cheki mstari unaofuata, zinapokezana hadi ukingoni, akizikaribia, zipeleke upande wa pili wa ubao kwenye mistari ileile.

Kwa mfalme na askari mmoja, shika jambo moja: mfalme atangulie askari. Mfalme mweupe e6, askari e5, mfalme mweusi e8: mweupe anashinda, yeyote awe na zamu. Lakini askari akiwa e6 na mfalme nyuma yake e5, mweusi aliye e7 anapata sare akirudi nyuma moja kwa moja, e8, na kumkabili mfalme kila anapopanda. Askari wa a na h ni tofauti: mfalme wa mpinzani akiwahi kona, ni sare.

Daftari

Andika kila mchezo wa maana kwenye daftari la shule. Baadaye tafuta hatua ya kwanza uliyopoteza kete, na pembeni yake andika sababu: sikuona, nilihesabu vibaya, au niliharakisha. Fanya hivyo kabla ya kuuliza kompyuta. Baada ya michezo kumi sababu moja itakuwa imejirudia kuliko nyingine, na hiyo ndiyo kazi yako. Kompyuta itakuonyesha hatua bora, lakini haitakwambia kwa nini hukuiona.

Mtandaoni chagua dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa hatua. Michezo ya dakika 3 inakuzoesha kuharakisha tu. Bando linaliwa kidogo kwa sababu kinachosafiri ni hatua, ila mtandao ukikatika saa yako inaendelea kukimbia. Ulipo na mtandao wa kusuasua, cheza na kompyuta ndani ya simu.  Anza ngazi ya 1, panda ukishinda saba kati ya kumi. Usitishike na alama za kiwango: akaunti mpya ya Lichess huanzia 1500, na kwa anayeanza lazima zishuke kwanza.

Kumpata mpinzani

Mtu wa ana kwa ana ni bora kuliko simu, na njia fupi ya kumpata ni kumfundisha mcheza drafti wa kijiweni. Usimmwagie kete zote siku ya kwanza. Panga wafalme na askari 8 kila upande, hakuna kingine. Wa kwanza kumfikisha askari mstari wa mwisho ameshinda. Ataelewa haraka kwa sababu ni kama kuingia kingi, ila mkumbushe kwamba askari wa chesi anatembea wima na kula kwa mshazari, harudi nyuma kamwe. Hapohapo mweleze kula kwa kupita: askari wake akiruka miraba miwili na kutua ubavuni mwa askari wako aliye mstari wa tano, unaweza kumla kana kwamba amesogea mraba mmoja, lakini hatua hiyo hiyo inayofuata tu. Mkishacheza hivyo mara kadhaa, ongeza ngome, kisha maaskofu, kisha malkia. Farasi awe wa mwisho, kwa sababu ndiye pekee anayeruka juu ya kete nyingine, na mwendo wake unahitaji siku zake peke yake.