Namna ya Kupima Madai Kuhusu Jeni za Vipokezi vya Virusi na Ugonjwa wa Moyo Kutanuka

Anayeanza kusoma habari za virusi na moyo hukutana mapema na dai kwamba jeni ya kipokezi cha virusi, yaani protini ya seli ambayo virusi hujishika nayo ili kuingia, inahusika na ugonjwa wa moyo kutanuka, ambapo vyumba vya moyo hupanuka na nguvu ya kusukuma damu hupungua. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini humpotosha anayelisoma kwa haraka, kwani humfanya adhani kwamba wapo watu wenye jeni hiyo na wengine wasio nayo. Sote tunayo. La kuuliza ni jeni hiyo inafanya kazi kwa kiasi gani, katika seli zipi, na katika umri gani.

Kifahamu kwanza kipokezi chenyewe. Kinachojulikana zaidi kwa upande wa moyo ni CAR (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kipokezi cha virusi vya Coxsackie na adenovirusi), protini inayoshikwa na virusi vya Coxsackie vya kundi B na baadhi ya adenovirusi vinapotaka kuingia ndani ya seli. Jeni yake huitwa CXADR, iko kwenye kromosomu ya 21, na ilitambuliwa mwaka 1997. Jina lake limetokana na wavamizi, wala halielezi kazi yake mwilini. Ukitazama kipande cha misuli ya moyo kwa hadubini, utaona nyuzi zikikatizwa na mistari myembamba iliyokingama. Kila mstari ni mahali ambapo seli moja imeshikana na jirani yake, na hapo ndipo CAR hukaa hasa katika moyo uliokomaa, ikisaidia seli kushikana na kupokezana umeme wa mapigo.

Kisha uliza umri wa moyo uliochunguzwa. Katika panya, CAR huwa nyingi kabla na mara tu baada ya kuzaliwa, halafu hupungua kadiri mnyama anavyokua. Jambo hili husaidia kueleza kwa nini virusi vya Coxsackie B huweza kumshambulia kichanga kwa ukali mkubwa, hali mtu mzima mara nyingi akiugua kama mafua tu.

Hatua inayodai uangalifu kuliko zote ni kutenganisha chanzo na matokeo. Mwaka 2001 watafiti wa Berlin walieleza kwamba CAR ilikuwa imeongezeka katika mioyo mingi iliyotanuka kuliko katika mioyo isiyo na ugonjwa huo. Je, kipokezi kilizidi kwanza, virusi vikapata njia pana, moyo ukaharibika? Au moyo uliojeruhiwa uliirudisha protini ya utotoni katika jitihada za kujirekebisha? Kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa mgonjwa ambaye tayari anaugua hakiwezi peke yake kujibu swali hilo, hata kama kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi, kimeonyesha virusi ndani yake.

Kwa hiyo tafuta majaribio ambamo jeni iliondolewa. Panya wasio na CXADR kabisa hufa wakiwa bado tumboni, mioyo yao ikiwa na kasoro. Jeni ilipozimwa katika misuli ya moyo ya panya waliokwisha kukua, wanyama hao walikingika dhidi ya madhara ya virusi vya Coxsackie, lakini umeme wa moyo ulikwama kati ya vyumba vya juu na vya chini. Anayependekeza dawa ya kuziba kipokezi hiki hana budi kueleza mapigo ya moyo yatalindwaje.

Usisahau yanayotokea baada ya virusi kuingia. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya cha virusi vya Coxsackie kiitwacho 2A hukata distrofini, protini ileile ambayo kasoro ya jeni yake huleta ugonjwa wa misuli wa Duchenne, na wagonjwa wa Duchenne nao mioyo yao hudhoofika. Hapa maambukizi na urithi vinagonga mahali pamoja, na kwa maoni yangu ushahidi huu una uzito kuliko hesabu yoyote ya wingi wa vipokezi.

Ukiulizwa na familia yenye wagonjwa wawili wa moyo kutanuka kama wapimwe jeni ya kipokezi, waeleze kwamba uchunguzi wa urithi huanza na jeni za muundo wa misuli, hasa ile ya titini, protini kubwa ya nyuzi za misuli, na kwamba ndugu wa damu wafanyiwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hata kama hawajisikii vibaya.