Jinsi ya kumskiza Mongo Santamaría, anza na mikono

Machalii wengi hapa Chuga, yaani Arusha, ukiwatajia jazi wanakuambia huo muziki wa hotelini, hauchezeki. Mi nawaambiaga anza na mtu mmoja tu, mpiga tumba (ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, conga) anaitwa Mongo Santamaría, mzaliwa wa Havana mtaa wa Jesús María, akahamia New York akapiga na kina Pérez Prado na Tito Puente kabla hajasimamisha bendi yake, akafariki 2003. Tumba si kitu kigeni kwetu, muulize mzee yeyote aliyecheza dansi enzi za Arusha Jazz ya kina Wilson Kinyonga, kabla hawajaenda Kenya wakawa Simba Wanyika.

Sasa usifungue wimbo kwanza. Tafuta ndoo ya plastiki ya lita 20, igeuze, ikae katikati ya magoti. Mkono wa kushoto ushushe kisigino cha kiganja, halafu ncha za vidole. Kulia piga kofi, vidole vijikunje kidogo vibaki pale pale kwenye ndoo visiruke. Kushoto ncha tena. Kisigino, ncha. Halafu kulia piga mbili za wazi, vidole vimebanana, pembeni ya ndoo, vikigusa tu viruke. Jumla nane, unarudia. Hiyo ndo tumbao, mdundo wa msingi wa tumba. Kofi litalia pa, zile za wazi zitalia du du, na zile du du mbili za mwisho ndo zinazovuta wimbo mzima, ukishazisikia mkononi mwako hutazipoteza tena hata kuwe na tarumbeta kumi juu yake. Nenda polepole sana, mimi ilinichukua wiki mbili na kila jioni nilikuwa naharibu palepale kwenye ile ncha baada ya kofi kwa sababu mkono wa kushoto unataka kupumzika, usiuruhusu.

Ukishaweza, weka Afro Blue ya 1959, ipo kwenye albamu yake inayoitwa Mongo. Hapa ile tumbao iache, hesabu inabadilika. Mguu unapiga mbili wakati mkono unapiga tatu, na zinatokea hivi: vyote pamoja, mkono, mguu, mkono. Ile mkono-mguu-mkono inafuatana haraka, kisha unasubiri kidogo, vyote pamoja tena. Jaribu ukiwa umekaa kwenye kifodi, yaani daladala, cha kwenda Njiro, paja ndo ngoma, hakuna anayekuangalia.

Halafu usiku huohuo skiza Afro Blue ya mpiga saksafoni John Coltrane ya 1963, live kwenye klabu ya Birdland. Ameipeleka kwenye hesabu ya tatu, saksafoni soprano ndo inaongoza na Elvin Jones anawasha moto nyuma kwenye dramsi, yaani wimbo uleule lakini kwa Mongo ngoma ndo nyumba, kwa Coltrane ngoma ni moto. Kinachoniuma ni kwamba watu kibao wameandika Afro Blue ni utunzi wa Coltrane. Ni wa Mongo. Ukiona mtu kaandika vile mrekebishe kwa heshima.

Sasa kuhusu wachambuzi. Mwishoni mwa 1962 Herbie Hancock, kijana bado, alikuwa anashika nafasi ya mpiga piano kwenye bendi ya Mongo, wakiwa klabu moja ya Bronx, New York, mpiga tarumbeta Donald Byrd akamwambia Herbie hebu wapigie ule wimbo wako Watermelon Man, Mongo akaingia na tumba, bendi ikafuata, watu wakasimama kucheza. Wakaurekodi, 1963 ukafika namba 10 kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Baada ya hapo Mongo akaanza kupiga nyimbo za soul za watu wengine albamu baada ya albamu, na wachambuzi wa jazi wakasema analainisha muziki ili auze. Mimi naona wana haki nusu. Zipo nyimbo za miaka hiyo ni fupi mno na tumba imezikwa chini ya tarumbeta, sizirudii. Ila wanasahau kwamba bendi hiyohiyo ilikuwa shule, kina Chick Corea wa piano na Hubert Laws wa filimbi walipita pale, na baadae albamu yake Amanecer ikampa Grammy.

Kwahiyo ukisoma mtu anasema Mongo aliuza, usibishe wala usikubali, vaa earphone, chagua wimbo anaoulaumu, fuata tumba peke yake mwanzo mwisho kama ulivyojifunza kwenye ndoo, halafu ndo uamue.

Albamu yake Yambú ya 1958 iweke mwisho. Humo ngoma ndo zimejaa, yupo Francisco Aguabella, yupo Willie Bobo, na sauti zinaitana na kuitikiana. Zima taa, iache ndoo karibu.