Kufunga Bodi za Jipsamu Kabla ya Kupiga Skimu (Plasta Nyembamba ya Kumalizia)

Anza na dari ndipo ushuke ukutani, kwa kuwa bodi za ukuta zikija baadaye huziba upenyo wa pembeni na kuegemeza kingo za dari. Kabla ya kuinua bodi yoyote, weka alama ukutani penye kila boriti, maana bodi ikishafika juu huoni tena pa kupigia skrubu.

Bodi ya dari ilazwe ikikatiza maboriti, na ncha zake ziishie katikati ya mbao. Pishanisha maungio kama ya tofali, kwani maungio yaliyojipanga mstari mmoja huleta ufa. Kukata ni kazi nyepesi: chana karatasi ya mbele kwa kisu, vunja kwa nyuma, kisha malizia karatasi iliyobaki.

Skrubu ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Kwenye dari ziachane milimita 230 hivi, ukutani 300, na kichwa kizame kidogo tu bila kutoboa karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo inayoshikilia bodi. Ikitoboka, piga nyingine pembeni yake. Pitisha bapa la mwiko juu ya kila skrubu. Likigonga chuma, kaza tena.

Ukutani, acha bodi milimita 10 juu ya sakafu ili isifyonze unyevu. Hatimaye bandika utepe wa wavu kwenye maungio yote, bila kuupandisha tabaka mbili, kwani utaonekana chini ya skimu.