Namna ya kupiga hesabu ya bodaboda ya umeme kabla hujasaini mkataba

Wiki iliyopita dogo mmoja wa kijiweni kwetu Tabata alinijia na karatasi ya mkataba wa pikipiki ya umeme. "Kaka, wanasema umeme ni bure kabisa ukilinganisha na petroli. Nisaini?" Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie karibu saa mbili. Nimeandika hapa tulivyofanya, maana yeye si wa kwanza kuniuliza.

Hatua ya 1: Jua unachokula sasa

Jaza tanki, piga kazi siku tatu, jaza tena, gawanya. Dogo anatembea kilomita 100 kwa siku na anachoma lita 2.2. Mimi nimeweka petroli 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya mwezi huu ya EWURA, wale wanaotangaza bei ya mafuta, ile inayotoka Jumatano ya kwanza. Kwake inakuja 6,600 kwa siku.

Hatua ya 2: Pima umeme kwenye soketi

Hapa ndipo nilipoliwa mimi, kwa hiyo nivumilie.

Muuzaji atakusomea kilichoandikwa kwenye betri: volti 72, Ah (ampea-saa) 45, ukizidisha na kugawanya kwa elfu ni uniti 3.2 hivi. Hiyo ni betri. Mita ya LUKU haiijui betri, inajua kilichopita ukutani. Chaja ikipata moto, huo moto nao umeulipia. Yangu ilikuwa inavuta karibu uniti 3.8 kujaza betri ya 3.2. Nunua kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi, maduka ya umeme Kariakoo vipo, na upime wiki nzima. Wapo wanaozima kila kitu ndani wakasoma LUKU kabla na baada ya kuchaji. Inawezekana, lakini jaribu kumwambia mkeo azime friji usiku kucha uone. Kwa kilomita 100 mimi napata uniti 4. Andika 4.

Sasa bei ya uniti. Nyumba yetu ilikuwa D1, kundi la TANESCO la nyumba zinazotumia umeme kidogo, ile ya uniti 75 kwa 9,150, sawa na shilingi 122 kwa uniti. Nikazidisha mara nne: 488 kwa siku! Nikajiona tajiri. Mwezi haujaisha, mama watoto ananiita: "Baba Nasra, hii LUKU umeifanyaje? Nimeweka elfu kumi juzi, leo inalia."

Kosa langu lilikuwa hili. Nyumbani tulishakuwa tunatumia uniti 60. Pikipiki kwa siku 26 inataka 104. Kwenye D1, ukivuka 75, kila uniti ya ziada inakwenda kama 427 pamoja na kodi. Kwa hiyo uniti 15 tu za pikipiki ndizo zilizopata bei ya 122. 89 zilizobaki zililipiwa 427. Jumla ni kama 39,800, wakati mimi nilitenga 12,700.

Tahadhari nyingine, kwa sababu hazikuishia hapo:

- TANESCO wakikuhamishia T1, kundi la watumiaji wa kawaida, uniti ni kama 356 (elfu kumi inatoa uniti 28). Unaweza kudhani umepata nafuu, lakini zile 60 za nyumbani nazo zinapanda kutoka 7,320 hadi 21,360. Ongezeko hilo ni la pikipiki, usimfiche mkeo.
- Usipime bei kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi ya jengo inakatwa humo na itakuvurugia hesabu.
- Kama mnashea mita na wapangaji wengine, ongea na mama mwenye nyumba kabla ya kuchomeka chaja. Baada ya kuchomeka ni kesi.

Kwa wastani wangu, uniti 4 ni 1,530 kwa siku. Bado umeokoa kama 5,000, na bei ya uniti haipandi na kushuka kila mwezi kama petroli.

Hatua ya 3: Betri

Kama ni ya asidi, achana nayo, hata wakikupa bure. Dai lithiamu ya LFP, ile ya chuma na fosfeti. Kisha gawanya bei ya betri mpya kwa kilomita unazotegemea. Mfano: milioni 1.5 kwa kilomita 60,000 ni shilingi 25 kwa kilomita, yaani 2,500 kwa siku. Hapo ndipo nusu ya ule utajiri inapoondoka. Waulize pia, na iandikwe: betri ikifa ndani ya mkataba, nani ananunua?

Hatua ya 4: Oili, cheni, spoketi

Hivi ukihamia umeme unavipunguza, kwa hiyo hesabu 400 kwa siku kama ulizookoa. Usibishane nayo.

Hatua ya 5: Sola

Kila mtu ananiuliza. Mchana jua linawaka, pikipiki iko barabarani. Ili uchaji usiku kwa sola unahitaji betri ya pili ya kuhifadhi, na umeme unapotea mara mbili. Maji ya Rufiji yameshafanya kazi hiyo, bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Chomeka ukutani.

Hatua ya 6: Linganisha hesabu ya bosi (pesa unayompelekea kila siku)

5,000 toa 2,500, ongeza 400: unabaki na kama 2,900 kwa siku. Mkataba wa umeme ukizidi wa petroli kwa zaidi ya hapo, unamfanyia kazi mwenye chombo.

Wa dogo ulikuwa 14,000 kwa siku, wakati petroli anapewa kwa 11,000. Tofauti 3,000, na betri juu yake. Alirudi kwa bosi na ile karatasi yetu yenye doa la chai. Bosi akashusha hadi 12,500, betri akasema watagawana. Nikamwambia kugawana nako kuandikwe. Jumatatu ndipo akasaini.