Gemu likishuka chini ya fremu 48: namna ya kuituliza monita inayobadili kasi

Nilikuwa nateremka pangoni kwenye gemu, mwenge mkononi, mara kuta zikaanza kupepesa. Mwanga unapanda, unashuka, kama balbu inayotaka kuungua. Nikajua monita ndiyo basi tena. Lakini nilipowasha kaunta ya fremu, yaani picha ambazo gemu hutoa kila sekunde, pembeni ya skrini nikaona inacheza: 50, 46, 49, 45. Monita yangu hubadili kasi ya kuchora kati ya 48 na 144 Hz (mara kwa sekunde), na pango lile lilikuwa limenikalisha mpakani kabisa.

Monita zenye FreeSync ya AMD au G-Sync ya NVIDIA huisubiri kadi ya grafiki imalize fremu ndipo zichore. Kadi ikitoa fremu 90 kwa sekunde, skrini nayo huchora mara 90. Ila subira yake ina kikomo. Pikseli za LCD hushikilia picha kwa chaji ya umeme inayovuja polepole, kwa hiyo skrini ikikaa mno bila kuchorwa upya, mwangaza wake huanza kuyumba. Monita ambayo kasi yake ndogo kabisa ni 48 Hz inaweza kungoja milisekunde 20.8 hivi, basi.

Sasa gemu likishuka hadi fremu 40, kila fremu inataka milisekunde 25. Kinachofanyika ni kuirudia fremu ileile mara mbili, skrini ikaenda 80 Hz. Zikishuka hadi 20, fremu moja inaweza kurudiwa mara tatu, ikawa 60 Hz. AMD waliuweka ufundi huu kwenye draiva zao (programu inayoendesha kadi ya grafiki) mwaka 2015 wakauita LFC (Low Framerate Compensation), na G-Sync ina wake. Usitarajie gemu liwe jepesi zaidi, maana macho bado yanapata fremu 40 na mkono bado unasikia uzito wa fremu 40. Unachookoa ni picha isikatike vipande wala isikwamekwame.

Ili hilo liwezekane, namba ya juu ya monita lazima iwe angalau mara mbili ya namba ya chini. Monita ya 48 hadi 75 haifikishi, kwa sababu 48 mara mbili ni 96. Hiyo ikipita chini ya 48 inarudia tabia za zamani: bila V-Sync (mpangilio unaoifanya kadi ingoje zamu ya skrini) picha inakatika, ukiiwasha V-Sync inakwama.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta namba hizo mbili kwenye maelezo ya monita yako, na uangalie waya unaotumia, kwani HDMI na DisplayPort za monita moja zinaweza kutofautiana. Kisha fungua menyu ya monita yenyewe uwashe ile namba ya Hz inayoonekana moja kwa moja. Monita nyingi zinayo. Weka kikomo cha fremu 40 ndani ya gemu au kwenye draiva, halafu tazama. Ikisoma 80, au 120, fremu zinarudiwa vizuri.

Kupepesa ndiko kulikonisumbua zaidi. Fremu zikicheza kati ya 46 na 50, skrini inaruka kutoka 92 Hz hadi 50 na kurudi, na kila kasi ina mwangaza wake tofauti kidogo. Kwenye paneli (skrini yenyewe) za aina ya VA na OLED utaliona hilo hasa kwenye kijivu cha giza. Dawa ni kuuhama mpaka. Punguza ubora wa vivuli kwanza, ndivyo vinavyokula sana, mpaka fremu za chini kabisa zibaki juu ya 55. Kompyuta ikishindwa, usiilazimishe: funga fremu kwenye 40. Mimi naona 40 zilizotulia ni bora kuliko 50 zinazoyumba. Huko juu nako acha nafasi kidogo ili fremu zisivuke kasi ya juu ya monita; kwa monita ya 144, kikomo cha 141 kinatosha.

Mwenye monita ya 48 hadi 75 anaweza kujaribu programu ya CRU (Custom Resolution Utility) kwenye Windows, akishusha namba ya chini hadi 37. Shusha moja moja, ukijaribu gemu kila mara. Skrini ikipepesa au ikizima umepita uwezo wa paneli, na faili la reset-all linalokuja na CRU litakurudisha ulipoanzia.

Pangoni nilifunga 40. Menyu ya monita ikasoma 80, haikusogea, na mwenge ukawaka sawasawa mpaka chini kabisa.